Kufupisha viungo kwa API: yaliyonikuta Malili

Wiki iliyopita kijana mmoja anayejifunza kutengeneza tovuti aliniuliza ni API gani ya kufupisha viungo iliyo nzuri, tena ya bure. Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili, halafu nikajikuta nimekaa mbele ya kompyuta siandiki kitu, maana jibu langu la kweli lina ndani yake mama mmoja ambaye nusura aitwe mwizi kwa sababu yangu. Basi nimeona afadhali niliandike lote hapa, na yeye asome pamoja nanyi.

Kwa wale ambao hawajakutana na jambo hili, kiungo kifupi ni hivi. Una anwani ndefu ya ukurasa fulani, labda herufi mia moja. Unaipeleka kwa huduma ya kufupisha, nayo inakurudishia anwani ndogo, jina lao fupi pamoja na herufi tano au sita mwishoni. Mtu akiibofya, kivinjari chake hakiendi kwako moja kwa moja. Kinaenda kwanza kwa sava ya ile huduma, sava inatazama kwenye daftari lake, inaikuta anwani yako ndefu, kisha inakiambia kivinjari "nenda kule". Yote hayo kufumba na kufumbua. API yenyewe ni mlango wa programu: badala ya wewe kufungua tovuti yao na kubandika anwani moja baada ya nyingine, programu yako inatuma ombi lenye ufunguo wako na kurudishiwa kiungo kifupi papo hapo. Mistari kumi ya PHP inatosha kabisa. Ndiyo maana tunazipenda sana sisi watu wa wavuti, ni kazi ya dakika ishirini na mteja anadhani umefanya miujiza!

Mimi nakaa Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, upande wa Makueni. Ukipita hapa kwa basi usingizi ukiwa umekushika, hutajua umepita. Wengi wanapajua kwa jina jingine: hapa ndipo serikali iliponunua ekari 5,000 za ranchi ya Malili mwaka 2009 ili ujengwe mji wa teknolojia wa Konza, na Rais Mwai Kibaki akaja kuuzindua Januari 2013. Wageni wakisikia unaandika programu Malili hudhani ofisi yako imo ndani ya huo mji, kwenye vioo na viyoyozi. La hasha. Mimi nina chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, meza moja, kompyuta mbili, na wateja wangu ni shule, maduka ya dawa, na chama kimoja cha maji.

Hicho chama cha maji ndicho kisa chenyewe.

Huku kwetu Ukambani maji ni habari kubwa kuliko kompyuta. Mito mingi ni ya msimu, mvua ikikatika unabaki mchanga, na watu wanachimba huo mchanga kutafuta maji chini yake. Chama chetu kina kisima kirefu, tangi juu ya mwinuko, mabomba, na mita kwa kila nyumba. Mwaka 2018 nyumba zilikuwa 412. Kila mwisho wa mwezi kijana mwenye bodaboda huzunguka kusoma mita, anamletea mhazini namba, na mhazini wakati huo alikuwa anaandika bili zote kwa mkono. Mhazini ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nusu ya wanachama amewafundisha kuandika majina yao, na hakuna anayemwita kwa jina, sote tunamwita Mwalimu tu.

Mwalimu ndiye aliyekuja kwangu. Mkono ulikuwa unamuuma. Akasema, "Mwanangu, nimeambiwa kompyuta inaweza kumtumia kila mtu hesabu yake kwenye simu. Ni kweli ama ni porojo za vijana?" Nikamwambia ni kweli, na baada ya wiki tatu mfumo ulikuwa tayari. Yeye anajaza namba za mita, mfumo unapiga hesabu, kila mwanachama anapata SMS ya kiasi anachodaiwa, namba ya kulipia kwa M-Pesa, na kiungo cha ukurasa unaoonyesha hesabu yake yote: alisomwa lini, alitumia uniti ngapi, alilipa lini, deni la nyuma ni kiasi gani. Huo ukurasa ndio aliojivunia Mwalimu, kwa sababu ulimaliza mabishano. Mtu akija na kelele, anaambiwa afungue aone.

Tatizo lilikuwa SMS yenyewe. Hapa naomba mnivumilie kidogo kwa hesabu. SMS moja inabeba baiti 140. Herufi za kawaida za GSM zinachukua biti 7 kila moja, kwa hiyo zinaingia 160. Ukizidisha hata herufi moja, ujumbe unakatwa vipande viwili, na kila kipande sasa kinabeba 153 tu, maana nafasi iliyobaki inaliwa na maelezo ya kuviunganisha. Unatozwa SMS mbili. Na kuna mtego mwingine ambao haumo kwenye mafunzo mengi ya Kiingereza. Mwezi wa kwanza niliona nipendeze watu kwa kuweka neno la maji kwa Kikamba, kĩw'ũ, na alama zake juu kama inavyotakiwa. Hizo ĩ na ũ hazimo katika orodha ya herufi za GSM. Ikitokea moja tu, ujumbe mzima unabadilishwa kuwa mfumo wa herufi pana na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe wangu wa herufi 150 ukawa SMS tatu kwa kila mtu. Lo! Tangu siku hiyo chama kinawaandikia watu kwa Kiswahili.

Anwani ya ukurasa wa hesabu ilikuwa na herufi 94. Ukitoa hizo kwenye 160 unabaki na 66 za kuandikia jina, kiasi, namba ya malipo na tarehe. Haiwezekani. Nikatafuta huduma ya kufupisha, nikapata moja ya nje (sitaitaja, na kisa hiki kingeweza kunikuta kwa nyingine yoyote), nikajiandikisha bure, nikapewa ufunguo wa API. Kiungo kikashuka hadi herufi 21. SMS moja kwa kila mtu, nafasi ikabaki. Nilijiona fundi.

Hebu tazameni nilichokuwa naokoa. SMS ya jumla wakati huo ilitugharimu senti 80. Nyumba 412 mara senti 80 ni shilingi 329.60 kwa mwezi. Kwa mwaka hazifiki 4,000. Kumbukeni hiyo namba.

Dalili ya kwanza ilikuja Oktoba 2021, nami sikuisoma. Akaunti ya bure iliruhusu viungo 500 kwa mwezi. Chama kilikuwa kimekua polepole na mwezi huo nyumba zikafika 517. Programu yangu iliomba kiungo cha 501, API ikajibu kwamba kiwango kimekwisha, na mimi, kwa uvivu niliokuwa nao mwaka 2018, sikuwa nimeandika mstari hata mmoja wa kuangalia kama jibu ni zuri au baya. Nilichukua tu kilichopaswa kuwa kiungo, ambacho kilikuwa hewa tupu, nikakiweka kwenye SMS. Nyumba 17 zikapata ujumbe uliosema "Hesabu yako iko hapa:" halafu basi, kimya. Na kwa kuwa mfumo unafuata namba za mita, hao 17 wote walikuwa wanachama wapya, wale wa mwisho kabisa wa bomba, ambao tayari walikuwa wakilalamika kwamba maji yanawafikia yakiwa yamechoka. Wakasema mmeona? Hata hesabu wanatuficha! Nikawatumia upya kwa mkono, nikaomba radhi, nikalipia akaunti mwezi mmoja, nikaendelea na maisha.

Februari 2022 ndipo kulipoharibika. Ile huduma iliamua kwamba viungo vilivyotengenezwa kwa akaunti za bure havitampeleka mtu moja kwa moja. Kwanza ataonyeshwa ukurasa wa tangazo, asubiri sekunde kadhaa, ndipo apate kitufe kidogo pembeni cha kuendelea. Kama barua pepe ya kunijulisha ilikuja, iliingia kule zinakoingia barua ambazo hatusomi. Na matangazo ya mtandaoni hufuata nchi aliyopo mtu. Kenya, kwenye simu, jioni ya mwisho wa mwezi... nadhani mmeshajua. Matangazo ya kubeti.

Nilipata habari kwa kuitwa mkutanoni. Chama hukutana chini ya mgunga ulio karibu na tangi, viti vya plastiki kwa wazee na vijana kwenye mawe. Nilipofika mtu mmoja alikuwa amesimama ameinua simu juu ili wote waone, anasema, "Ukifungua bili ya Mwalimu unaletwa kwenye kamari. Pesa zetu zinachezewa. Kwa nini bomba la kule chini halijatengenezwa mpaka leo? Jibu ndilo hili." Watu wakawa wanapeana hiyo simu mkono kwa mkono. Wengine wakafungua zao na kuona vilevile, mpira na rangi na "shinda sasa". Mwalimu alikuwa amekaa mbele na daftari lake mapajani. Alisema kitu kimoja tu, "Mimi naandika hesabu. Kutuma anatuma kijana."

Vichwa vyote vikageuka kwangu.

Nimewahi kueleza mambo ya kiufundi kwa wateja wengi, lakini sijawahi kueleza jambo huku heshima ya mtu mwingine ikining'inia kwenye maneno yangu. Ukianza na sava na kivinjari umeshapotea. Nikawauliza wazee kama wanakumbuka zamani barua zilivyokuwa zinafika. Wanakumbuka sana. Wengi hapa hawakuwa na sanduku la posta. Barua ya mtoto kutoka Mombasa iliandikwa jina la baba, halafu "kwa mkono wa mwalimu mkuu", halafu sanduku la shule. Ilifika shuleni, mwalimu mkuu akampa mtoto wa jirani apeleke. Nikasema, hiki kiungo ni hivyohivyo. Hesabu zenu ziko kwenye sava ya chama, hakuna aliyezigusa, lakini nilizituma kupitia sanduku la mtu mwingine kwa sababu lilikuwa bure na jina lake ni fupi. Sasa huyo mwenye sanduku ameamua kila barua inayopita kwake ataitia ndani ya karatasi ya matangazo.

Mzee mmoja, ambaye sikumbuki kumsikia akizungumza mikutanoni kabla ya hapo, akauliza, "Na huyo mtu, nani alimpa barua zetu?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulituuliza?"

"Sikuwauliza."

Akakaa. Sijui kama kuna kitabu cha uprogramu ambacho kingeniuliza swali hilo vizuri zaidi.

Waliniamini, nadhani, lakini shaka ikishamwagwa haizoleki kwa maneno. Mkutano ukaamua hesabu za miezi mitatu zikaguliwe na watu watano. Mwalimu alileta madaftari yote, stakabadhi zote, akakaa nao siku mbili. Walikuta upungufu wa shilingi 40, akazitoa kwenye mkoba wake akaziweka mezani, na hakuna aliyethubutu kumtazama. Hakusema nami kwa wiki mbili. Angenifokea ningefurahi zaidi.

Katika hizo wiki mbili nikasoma historia ya viungo vifupi, jambo ambalo ningelifanya 2018 ningelala vizuri. TinyURL ilianza 2002, mtu mmoja aitwaye Kevin Gilbertson aliitengeneza kwa sababu wenzake wa mchezo wa baiskeli ya gurudumu moja walikuwa wakitumiana viungo virefu vilivyokatika kwenye barua pepe. Sababu nzuri kabisa, ya kirafiki. Kisha ikaja Twitter mwaka 2006 na kikomo cha herufi 140, kilichotokana na SMS hiihii ya 160, ishirini zikiachwa kwa jina la mtumiaji. Hapo kila mtu akahitaji viungo vifupi na huduma zikaota kama uyoga baada ya mvua.

Na zikafa kama uyoga vilevile. Agosti 2009 huduma ya tr.im ilitangaza inafunga, watu wakapiga kelele, ikabadilisha nia baada ya siku chache. Mwaka 2010 vb.ly ilizimwa na wasimamizi wa majina ya Libya, kwa sababu .ly ni ya Libya na wao waliona yaliyomo hayaendani na sheria za huko. Wangapi kati yetu tuliokuwa tukibofya bit.ly tulijua kwamba yale mapambo mawili ya mwisho ni nchi, yenye serikali na sheria zake? Mimi nilidhani ni Kiingereza.

Halafu kuna goo.gl. Hii ndiyo niliyotaka kumwonyesha yule kijana, maana hoja ya kila mtu ni kwamba "mimi nitatumia ya kampuni kubwa". Google waliianzisha Desemba 2009, wakaifungulia umma 2010, na API yake ikatoka 2011, nzuri na bure. Machi 2018 walitangaza wanaiacha. Machi 2019 hakuna aliyeweza tena kutengeneza kiungo kipya kwa njia hiyo, lakini vya zamani vilisema vitaendelea. Julai 2024 wakasema hapana, hata vya zamani vitaacha kufanya kazi tarehe 25 Agosti 2025. Zikiwa zimebaki wiki chache wakalegeza kidogo: vinavyotumika vibaki, vilivyoonekana kulala mwishoni mwa 2024 viende. Sasa jiulize kiungo kilicholala ni kipi. Ni kile kilichochapishwa kwenye tasnifu ya mtu maktabani. Ni kile kilichomo kwenye risiti iliyohifadhiwa kabatini. Kiungo cha risiti kinalala miaka saba, na siku ukikihitaji unakihitaji kweli.

Jambo la pili nililojifunza lilinitia baridi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Martin Georgiev na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba herufi tano au sita ni chache mno kuwa siri. Kompyuta inaweza kukaa inabahatisha viungo vifupi mmoja baada ya mwingine, na wao walipobahatisha walifikia mafaili ya watu yaliyohifadhiwa mtandaoni na ramani za safari za watu kutoka nyumbani kwao. Ukurasa wangu wa hesabu za maji haukuwa na nywila. Nilidhani anwani ndefu ya herufi 94 ni ulinzi wa kutosha kwa kuwa hakuna anayeweza kuibuni. Kisha mimi mwenyewe nikaifupisha! Jina la mwenye nyumba, namba yake ya simu, na uniti zake, ambazo zikishuka hadi sifuri zinamwambia mwizi kwamba nyumba haina mtu. Na tayari Kenya ilikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mungu alinihurumia tu.

Basi nikajenga yetu. Msitishike, ni kitu kidogo kuliko mnavyodhani. Jedwali moja la MySQL: msimbo mfupi, anwani ndefu, tarehe. Ukurasa mmoja wa PHP unaopokea msimbo, unautafuta, na kumwelekeza mtu. Domeni fupi ya .co.ke, ambayo kwa mwaka inagharimu chini ya zile shilingi 4,000 nilizokuwa nikijisifu kuziokoa. Imesajiliwa kwa jina la chama, si langu, na nywila yake iko kwenye bahasha kwa mwenyekiti, ili nikigongwa na lori hapa barabarani maji yaendelee. Imelipiwa miaka kadhaa mbele, kwa sababu domeni ikiachwa mtu mwingine anaweza kuinunua na kuweka humo kamari yake bila kukuomba ruhusa. Na mlango wa kuongeza viungo uko ndani ya mfumo tu. Ukiuacha wazi, matapeli watautumia kufupisha vya kwao, na jina la chama ndilo litakaloonekana.

Nilikosea mara moja tena, niwaambie ili msirudie. Kuna namna mbili kuu za kumwelekeza mtu: jibu la 301, maana yake "amehama moja kwa moja", na 302, "kwa sasa yuko kule". Nilitumia 301 kwa kuwa nilisoma mahali ndiyo inayofaa. Msimbo wangu ni mmoja kwa kila mita, na unaelekeza kwenye bili ya mwezi uliopo. Machi ikapita, Aprili ikaja, wanachama wakaanza kunipigia kwamba wanaonyeshwa Machi. Vivinjari vyao vilikuwa vimeamini neno "moja kwa moja" na havikuuliza sava yangu tena! Nikabadilisha kuwa 302, lakini zile simu zilizokwisha kuamini nililazimika kuzishika moja moja na kuzifuta kumbukumbu. Jumamosi mbili nzima.

Na ukurasa sasa unauliza tarakimu nne za mwisho za simu ya mwenye mita kabla ya kuonyesha chochote, na ukikosea mara tano unafungwa kwa saa moja. Si ulinzi wa benki, lakini jirani hasomi tena maji ya jirani.

Kitu ambacho sijaweza kukitengeneza ni SMS za zamani. Karibu 20,000 zilishatumwa na viungo vya ile huduma, na ziko kwenye simu za watu hadi leo, kila moja ikielekea kwenye tangazo. Akaunti ya bure hairuhusu kubadilisha kiungo kinakoelekea. Mzee mmoja amezitunza zote kama ushahidi katika ugomvi wa kifamilia wa nani aliyekuwa akilipia maji ya boma. Ilibidi nimchapishie karatasi 44, Mwalimu akazipiga muhuri moja moja.

Kwa hiyo, kijana wangu, jibu lako ni hili. Kama ni tangazo la mauzo la wiki moja kwenye mtandao wa kijamii, chukua API yoyote, haina neno, ila angalia jibu linaloonyesha kosa na uhifadhi anwani ndefu kwako. Kama ni risiti, tiketi, majibu ya hospitali, au kitu kitakachoandikwa ukutani, tumia domeni ya mteja. Zipo huduma zinazokubali domeni yako mwenyewe, na hiyo ni nusu ya njia, maana wakikushinda unaondoka na jina lako na kulielekeza kwingine.

Ukutani nimetaja kwa sababu. Mwalimu, ambaye tunasalimiana vizuri siku hizi, amekuja na wazo kwamba kiungo cha kila mita kiandikwe kwa rangi kwenye mfuniko wake, kwa kuwa watu hupoteza simu na SMS zote zikaenda nayo. Misimbo ni ya herufi tano, ndogo tu, na nilikuwa nimeshaondoa zile zinazochanganya: sifuri na o, moja na l na i. Zinabaki alama 31, na tano za namna hiyo zinatoa michanganyiko zaidi ya milioni 28, inayotosha Makueni yote na ibaki. Nilijisifu sana kwa hilo la kuondoa herufi zinazochanganya. Fundi wa rangi alianza Jumatatu. Alichora mita ya kwanza, akasimama na brashi, akaniita kutoka ng'ambo ya ua, "Bosi, hii o ya .co.ke ni herufi ama ni sifuri?"